Tambi Juu ya Waya wa Kahawa

Juzi nikiwa dukani pale Makutano nilishika pakiti ya tambi, na badala ya kuangalia bei nikajikuta nainusa. Nilicheka peke yangu. Tambi zangu za kwanza, rafiki yangu, zilinukia kahawa.

Nilikuwa darasa la sita. Nyanya, ambaye nilipewa jina lake, alikuwa amekwisha meno, na mwaka huo hamu ya kula nayo ikamwisha. Mahindi na maharagwe hakuweza kutafuna, ndizi za kuponda alizichoka, uji alisema ni wa watoto. Alisukuma sahani akisema siku zake zimeisha. Mama alilia kando ya jiko akidhani simwoni, na mimi niliogopa sana.

Misheni kulikuwa na mtawa Mwitaliano aliyetufunza upishi Jumamosi. Siku moja akatuonyesha tambi za kwao: unga wa ngano, mayai, chumvi kidogo, basi. Akasema hata nyanya yake kibogoyo alizila. Neno hilo nilikimbia nalo hadi nyumbani.

Nilimpokonya kuku mayai matatu, nikakanda, nikasukuma kwa chupa ya soda, nikakata kwa kisu. Pa kuanika sikuwa napo ila ule waya wa kukaushia kahawa nyuma ya nyumba. Zilipokauka nikatia nusu kwenye sufuria ya maji baridi, nikafunika, nikachochea kuni, nikaenda zangu mtoni. Kwetu chakula cha maana hutokota masaa matatu, nani angeniambia vingine?

Niliporudi nilikuta gundi. Nilikaa kwenye kigoda nikalia. Nyanya akajikokota kutoka chumbani, akafunua, akazamisha mwiko, ukasimama wenyewe.

"Wajina," akasema, "hii umepika ama umejenga?"

Akacheka mpaka akashika mlango. Wiki nyingi hatukuwa tumesikia kicheko hicho. Kisha akavuta kigoda, akaagiza nilete zilizobaki na maji yachemke kwanza, na akaniambia nisitoke hapo. Alionja uzi mmoja, akasema bado. Akaonja mwingine. Nilikaanga nyanya mbili za shambani na kitunguu haraka haraka, maana mwonjaji alikuwa anamaliza sufuria.

"Kesho kata fupi," akasema akijipangusa. "Hizi zinanipiga kidevu."

Mama alikuwa ameingia na kuni. Alisikia hilo neno kesho, akaweka mzigo chini polepole.

Nyanya alipata kesho nyingi, hadi nikamaliza sekondari. Leo miti yetu ya kahawa imeng'olewa, waya ulikwisha kwa kutu, mtawa alirudi kwao zamani na sikumwambia asante. Hilo linaniuma. Lakini pale dukani niliirudisha pakiti mahali pake nikachukua unga, kwa sababu mama yangu sasa naye hana meno.

Nimezikata fupi.