Toge yenye Haina Vifungo

Mimi nilisoma mpaka mwaka wa tatu ya primeri, kisha mashini ya kushona njo ikakuwa masomo yangu. Niko hapa Kenya, ile komini ya kwetu Kongo, si ile inchi, nyuma ya soko, ninashona toge, ile kanzu nyeusi ya ma-avoka, ni kusema mawakili. Zamani nilikuwa nashona suruali za miguu mipana, na wakati ile mabinti balikuwa… acha, mke wangu anajua kusoma.

Niko na desturi moja. Toge iko na vifungo vingi, toka shingo mpaka chini, na sivishoni mpaka siku ya kiapo, siku mutu anaingia kazi ya avoka, ijulikane. Kijana moja nilimumalizia toge yote, baba yake akamupiga nayo picha mbele ya kanisa, kisha akaanguka mutihani mara tatu. Bakasema ni mukono yangu. Labda. Toka pale vifungo vinangoja ndani ya kopo ya maziwa.

Siku moja binti akaniletea kitambaa. Alimaliza sheria kule Kasapa, kwa iniversite. Kiswahili chake ni cha hapa, matusi yake pia. Nikamuuliza kiapo ni siku gani.

“Papa, mimi ni mugeni.”

“Mugeni wa wapi? Si ulizaliwa hapa karibu, Bel-Air?”

“Nilizaliwa Bel-Air. Lakini baba alitoka Zambia, na karatasi yangu ni ya kule.”

Akanieleza. Serikali inapaswa kumupatia ruhusa ya kazi ya bageni. Kisha bakubwa ba ma-avoka banataka barua ya kuonyesha kama kwabo Zambia nako banapokea avoka wa Kongo. Nikaona ni kama bakwe: unapeleka kuku, unangoja na wao balete yabo. Mimi pia nilifikiri sana. Baba yangu alitoka Kasai, inchi ni moja, na bado kuna siku balituita bageni hapa. Mimi hakuna mutu aliniomba barua ya kushona.

Miaka mbili akangoja, akiuza maharagi na mama yake.

Sasa kosa yangu. Jirani yangu ni mujane, na bashemeji bake balitaka kumufukuza mu lupango, ile kiwanja yenye bwana yake alijenga. Nikajisifu: “Mimi niko na avoka!” Akakuja na makaratasi ndani ya sashe ya plastiki, akamukuta binti anajaribu toge.

“Mama avoka, uniokoe. Kesi ni kesho ku tribinali.”

Binti akasoma palepale, amesimama. Nikaona midomo yake inatembea. Jibu alikuwa nayo. Kisha akavua toge, akaikunja polepole.

“Mama, sina ruhusa. Nikisimama kule hata dakika moja, batafunga dosye yangu milele, na wewe utapoteza nyumba.”

“Nani atajua?” nikasema. “Nashona vifungo sasa hivi!”

“Papa, nimengoja miaka mbili. Unataka uniharibie mu siku moja?”

Nikarudisha kopo ya vifungo. Binti akapigia simu kijana moja balisoma naye, mwana-inchi, tayari avoka. “Kasapa ulikuwa unaangalia kopi yangu ya mutihani. Leo lipa.” Alimueleza mambo yote mpaka simu ikazima.

Kesho yake nilienda tribinali. Kijana akasema vizuri sana, lakini yale maneno niliyajua, niliyasikia kwangu karibu na mashini. Binti alikaa nyuma na bilause ya sokoni, mikono mu magoti. Mujane alibaki na nyumba yake. Akapeleka kuku kwa yule kijana. Binti hakudai kitu. Mimi njo nilimuambia mujane maneno ilitoka kwa nani, naye akamuletea binti kuku ya pili.

Mwezi uliopita binti aliingia anakimbia. Ruhusa ya serikali imetoka! Barua ya kutoka Zambia, bado.

Nikafungua kopo, nikashona vifungo toka shingo mpaka kwenye kifua, nikaacha pale.

“Papa, na desturi yako?”

“Desturi ni yangu. Hakuna biro ya serikali yenye itanikatalia.”

Akaivaa mbele ya kioo. Juu alikuwa avoka kamili. Chini toge ilifunguka, kitenge cha sokoni kikaonekana, na vumbi ya maharagi. Alijiangalia sana. Kisha akaivua, akairudisha yeye mwenyewe pa musumari ya ukuta.

“Usisogeze hiyo kopo, papa.”

Iko palepale.