Majani ya Viazi

Juzi, katika duka la dawa za mifugo mjini Kitale, mwenye duka alifungua chupa ya dawa ya vidonda, ile ya zambarau. Harufu yake ilininyamazisha nikiwa katikati ya kubishania bei. Wanaonijua watasema huo ni muujiza.

Nyumbani, karibu na Myanga, tulikuwa na punda jike aliyetubebea maji na mahindi. Alikanyaga msumari. Mama akautoa, akapaka oili chafu ya trekta, kidonda kikafunga. Daktari wa mifugo alipopita, mkoba wake ukinuka dawa hiyo ya zambarau, akataka kumchanja dhidi ya pepopunda.

“Ati umdunge na ako na mimba?” Mama akacheka. “Si atatupa mtoto, bana! Rudi akishazaa.”

“Mama, sindano haitoi mimba. Mimi naogopa ule msumari.”

“Hata wewe daktari, mamako alikungoja miezi tisa.”

Tulicheka sote, hata daktari, akaenda zake.

Baadaye masikio ya punda yalisimama wima, miguu ikakakamaa kama ya meza, taya zikafungana. Nilimletea majani ya viazi, yale aliyozoea kutuibia shambani. Aliyanusa, midomo ikatetemeka, meno yakakataa kuachana.

Mama akapiga magoti kwenye samadi. “Kula, mama. Kula kidogo tu. Basi hata jani moja.”

Sokoni sikuwahi kumsikia akishuka bei hivyo.

Kulipokucha punda alikuwa amelala, hapumui, mtoto wake bado tumboni. Niliyahesabu majani, nikayahesabu tena. Yote yalikuwepo.