Kaburi Lililolipiwa Mapema

Ndugu yangu mkubwa alinipiga ngumi ya kwanza mbele ya kamati ya mazishi ya baba, nikiwa bado nimeshika kikombe. Chai ikawamwagikia wazee wawili. Mmoja akanyanyuka, nikadhani anakuja kunitetea, kumbe alikuwa anatafuta nafasi ya kunipiga na yeye.

Nilijiletea mwenyewe. Naishi Kitale, nimesoma chuo kikuu, na huandika makala za kuwaeleza watu jinsi wanavyopaswa kuishi. Miaka minne kabla ya baba kufariki nilimkatia bima ya maisha, ya aina ile ambayo mtu akifa kampuni hugharamia mazishi yote: jeneza, gari la maiti, hema, chakula, hata wachimba kaburi. Baba alitia sahihi nyumbani kwangu, siku aliyokuja kutibiwa macho. Aliuliza kama kwenye fomu kuna mahali pa kuandika fahali wa kuchinjwa. Nikamwambia hapana. Akacheka, akatia sahihi. Sikumwambia mtu mwingine yeyote. Nilijiona mwenye busara, na mtu anayejiona hivyo hapendi kuulizwa maswali.

Baba alipofariki, kampuni haikunisumbua hata kidogo. Nikaendesha gari hadi kwetu Kabuchai nikiwa na huzuni na, lazima nikiri, fahari kidogo. Nilitaka jambo moja tu: Jumamosi ifike, nisimame kando ya kaburi pamoja na ndugu yangu, nimtupie baba udongo kama mwanawe.

Kamati ilikuwa imekaa uani. Kwetu mtu akifa majirani huja na vitu, huyu mahindi, yule kuku, mwingine kuni, na wanaume wa kijiji huchimba kaburi kwa mikono yao. Baba alikuwa amefanya hivyo katika kila matanga tangu kabla sijazaliwa. Mimi nikasimama, nikawashukuru wote, nikawaambia warudi na vitu vyao nyumbani kwa sababu kila kitu kimeshalipiwa.

Jirani yetu, ambaye baba alimsaidia kuchimba kaburi la mkewe, akauliza polepole, "Kwa hivyo sisi tumekuja kutazama?"

"Mtakuwa wageni tu, mzee. Mpumzike."

"Mimi, mgeni kwa baba yako?"

Ndugu yangu alikuwa ameegemea mlango. "Imelipwa lini na mzee amekufa juzi?"

"Bima nilianza kulipa miaka minne iliyopita."

"Ati? Baba akikula ugali hapa, wewe uko Kitale unamlipia kaburi?"

"Si hivyo, bima ni..."

Sikumaliza. Baada ya ngumi lilikuja teke la mbavu, halafu mengine ambayo sikujua yametoka miguu ya nani. Shangazi, dada yake baba, ndiye aliyenitetea. "Mwacheni bana," alisema. "Msimuue kabla hajazika baba yake." Utetezi huo ulinitia hofu kuliko mateke.

Ningeweza kuwapigia simu wachimbaji wa kampuni wasije. Sikupiga. Jicho moja lilikuwa limevimba hadi kufumba, lakini kiburi kilikuwa bado kinaona vizuri. Ijumaa asubuhi wakafika wanne kutoka Kitale, wamevaa ovaroli za kijani, na mashine ya kuteremshia jeneza. Shimo lilikuwa limefika magotini wanaume wa kijiji walipotokea upande wa miwa na rungu na panga.

Jirani yetu akamwuliza mchimbaji wa kwanza, "Huyu mnayemchimbia alikuwa anaitwa nani?"

Mchimbaji akatoa karatasi mfukoni aangalie jina.

Rungu lilimpata kabla hajaikunjua. Alianguka shimoni, na damu ikaanza kulowesha ovaroli kuanzia shingoni. Mwenzake alipigwa mgongoni kwa ubapa wa panga, wengine wawili wakatoroka. Nikajitia katikati nikiwa nimeinua mikono, kama mwalimu anayetuliza darasa. Mpini wa jembe ukanishukia begani. Nilisikia mfupa ukivunjika kama muwa unaovunjwa kwa goti. Wakamtoa yule mtu shimoni, wakalifukia shimo, kisha wakaiponda mashine kwa mawe mpaka ikalala.

Nikampeleka yule mchimbaji hospitalini nikiendesha kwa mkono mmoja. Alikuwa amejishika kichwa kwa shati langu. Njiani akaniuliza kama bima ya mzee inamhusu na yeye. Sikujua. Ukurasa huo sikuwa nimeusoma.

Jumamosi, kabla jua halijawa kali, kaburi lilikuwa tayari. Majirani walilichimba wenyewe, mahali pengine. Mkono wangu ulikuwa umefungwa kifuani. Ndugu yangu aliniambia, bila hata kunitazama, "Wewe leo utakaa na wageni. Si ulisema wapumzike?"

Nikakaa. Lakini jeneza liliposhushwa kwa kamba na mchungaji akaita watoto wa marehemu, nikasimama nikaenda. Ndugu yangu akaniwekea kiganja kifuani.

"Rudi kwa hema yako."

"Ni baba yangu."

"Ulishamzika zamani."

Nikamsukuma. Mara ya mwisho kupigana nilikuwa shule ya msingi, na sikushinda. Alinipiga mdomoni, nikaangukia rundo la udongo upande wa bega lililovunjika. Nililia kwa sauti ambayo sikujua ninayo. Mchungaji aliendelea kusoma, ila kwa sauti ya juu zaidi. Ndugu yangu akachukua jembe, akasimama juu yangu akiwa ameliinua. Hakuna aliyemshika.

Nikachota udongo kwa mkono mzima, nikautupa nikiwa nimelala vilevile. Mwingi ulimwangukia viatuni. Nikachota tena, nikatupa, nikitema damu. Alinitazama kwa muda mrefu, kifua kikipanda na kushuka. Halafu akashusha jembe kwenye udongo, karibu sana na kichwa changu, akaanza kufukia.

"Hiyo udongo yako haijafika kwa baba," alisema.

Nikachota mwingine.