Jeneza la Alumini na Ukingo Niliouvuta kwa Kamba

Ulikuwa mwaka ule tuliokula bada mpaka tukaiota usingizini. Mpunga ulikauka, nazi zote zilikwenda mjini, tukasonga unga wa muhogo asubuhi na jioni, na mwenye kipande cha ng'onda, samaki mkavu, alikula amefunga mlango. Mwaka huohuo wa bada, sisi watu wa Mwera tukaletewa jeneza jipya la alumini. Tumbo tupu, lakini usafiri wa makaburini tumepata.

Aliyelileta ni kijana wetu aliyetajirikia mjini. Lilishushwa mbele ya msikiti linang'aa kama sufuria ya shughuli, na chini lina magurudumu manne. Mwenyekiti wa kamati akatoa hotuba ndefu kuliko hotuba ya Ijumaa, ati tumeingia kwenye maendeleo. Jeneza letu la zamani, la mvule, likatupwa stoo, likarundikiwa mifuko ya chokaa.

Sasa hilo la zamani alilitengeneza marehemu mume wangu, akaliweka wakfu. Watu husema, "Ile ni kazi ya fundi." Kweli, lakini fundi hakuwa peke yake. Zile mbao mbili ndefu za kubebea zina ukingo wa mawimbi mawili, moja la kukaa begani, jingine la kushikia vidole. Ukingo ule ulipigwa kwa randa ya mkono, nene kama tofali, chuma chake kimechongwa kwa tupa kikafuata mawimbi hayohayo. Randa kama ile mtu mmoja haiwezi. Yeye aliisukuma kwa nyuma, mimi nikaifunga kamba ya katani kwa mbele nikavuta, narudi kinyumenyume, kanga nimeikaza kiunoni. Mmoja akiharakisha, mbao inachanika. Siku ya kwanza nilivuta kwa pupa nikaanguka matako chini, maranda yakanijaa kichwani. Mume wangu alicheka mpaka akakaa. Mimi nilicheka kesho yake, maumivu yalipopoa.

Kwetu wanawake hatubebi jeneza wala hatuendi makaburini. Kwa hiyo wanaume wote wa Mwera wameshika ukingo niliouvuta mimi, na mimi zamu yangu ni moja tu, ya kulala juu yake. Mume wangu alikwenda nalo. Nami nilijiwekea hivyo, nipite alipopita.

Siku ile ya hotuba mwenyekiti alinifuata barazani, nimekaa na wenzangu. Ni mtoto wa shemeji yangu, nimemwogesha kwenye karai na mapovu yakamwingia machoni.

"Shikamoo, mama mkubwa. Umeliona jeneza letu?"

"Marahaba. Nimeliona. Mimi kwenye bati sipandi."

"Si bati hilo, ni alumini!"

"Haya, kapande wewe basi."

Wenzangu walicheka mpaka kahawa ikamwagika. Yeye akaenda zake, kanzu inapepea.

Haukupita mwezi, mzee mmoja jirani akafariki. Magurudumu yalifika njia ya mchanga yakazama. Wanaume wakasukuma, wakavuta, mwisho wakalibeba. Kingo zake kali kama kopo lililofunguliwa kwa kisu! Walirudi wamechubuka mabega, wake zao wakawakanda kwa maji ya chumvi juma zima. Maiti mmoja, majeruhi kumi na wawili. Ndiyo maendeleo.

Kamati ikakaa. Watu wazima saba, vikao vitatu. Kurudisha zawadi wakaogopa, tajiri atanuna. Wakaita fundi wa mashine ya umeme akate mbao za kuvisha zile kingo. Mashine ikalia kijiji kizima, ikatoa ukingo ulioungua, mweusi kama chapati ya mwali aliyeingia jikoni jana. Ndipo mwenyekiti akarudi kwangu, bega moja liko juu, moja liko chini.

"Mama mkubwa, tumeafikiana. Tunazing'oa zile mbao mbili za baba mkubwa, tunazifunga kwa skrubu kwenye jeneza jipya. Wakfu wake unaendelea, na tajiri hanuni. Ila imamu kasema bila ridhaa yako mtu asiguse hata msumari."

"Na kinachobaki?"

"Kinachobaki si mbao tu? Kitakuwa kuni za ubwabwa wa maulidi."

Nikamtazama. Ubwabwa! Mwaka mzima tunakula bada, leo ameupata ubwabwa kwenye kuni za jeneza.

"Kuni hizo ndizo zilizombeba baba yako," nikamwambia.

Akatazama kandambili zake. Kisha, maana ni mwenyekiti na mwenyekiti hakosi la kusema, akainua kichwa.

"Lakini, mama mkubwa, usikasirike. Siku yako ikifika, utajuaje umelazwa kwenye lipi? Si utakuwa umeshakufa?"

"Mimi sitajua. Bega lako ndilo litakalojua."

Mkono wake ukapanda wenyewe begani, ukapapasa pale palipovimba. Nikamwonea huruma kidogo, kwa ajili ya lile karai. Lakini niliikumbuka ile kamba ya katani viganjani, na yule mtu wa nyuma anasukuma, ananiambia taratibu, taratibu.

"Niambie neno moja tu, mama. Kamati yote inangoja msikitini."

"Kawaambie nilikwisha kusema tangu ile siku ya hotuba. Mimi kwenye bati sipandi."