Jaji Aliyejua Kungoja

Mnisamehe mwandiko uliopinda na herufi nitakazokosea. Kiswahili nilikipata mdomoni mwa bibi. Shuleni tulisoma Kiarabu, nami huandika polepole.

Juzi nilipita Khuwair ya Kusini, mtaa wa hapa Maskati tuliokaa zamani. Dirisha la ghorofa ya juu lilikuwa wazi, linanukia vitunguu vya watu wengine. Hapo alikaa mpangaji wa bibi, mwanamke wa Ayalandi. Ujanani alifundisha shule Tanzania, akarudi kwao akawa wakili, kisha jaji, akapanda hadi mahakama ya juu kabisa. Alipostaafu akaja Maskati kusuluhisha kesi za wafanyabiashara.

Alasiri alishuka barazani kwetu kunywa kahawa na halua. Bibi alimtania, "Bi Jaji, Kiswahili chako cha bara, lakini kinalika!"

"Na halua yako tamu, mama, lakini inang'oa meno!"

Mwaka ule mwalimu alitaka nirudie darasa. Kusoma nilijua, ila nikisimamishwa mbele ya watu sauti ilikatika. Alinipa nafasi ya mwisho: nisome ukurasa mzima mbele ya wenzangu.

Bibi akanishika. "Hebu soma, mwanangu! Watu watadhani huna ulimi." Kila alipohimiza, nilizidi kunyamaza.

"Mwache, mama," akasema Bi Jaji. "Usimharakishe shahidi wangu."

Akanisimulia kesi yake ya kwanza alipokuwa wakili. Alisimama, maneno yakamkimbia. Jaji wa siku hiyo, mzee mkali, hakumkemea. Alivua miwani akaifuta, akaifuta tena, mpaka sauti ya wakili huyo mchanga ikarudi. "Nilipokuwa jaji mimi," alisema, "shahidi akikwama, nilikuwa natafuta kalamu ambayo haijapotea."

Tangu hapo nilimsomea kila alasiri. Nikikwama, alichaguachagua tende kama yuko sokoni, wala hakunitazama.

Siku ilipofika, nilikwama mstari wa pili. Wenzangu wakacheka. Zamani ningekaa chini. Safari hii nilisimama vilevile, nikaingoja sauti yangu. Ikaja. Nikasoma mpaka mwisho, na mwalimu akasema, "Kumbe unaweza!" Nikapanda darasa.

Bi Jaji alirudi kwao, bibi ametangulia mbele ya haki, na baraza limezibwa kwa ukuta. Siku hizi watu hujibiwa kabla hawajamaliza kusema. Lakini mdogo wangu naye hukwama akisoma, na kwetu hakuna anayemmalizia neno.

Kama nanyi mliwahi kuwa na mtu wa kuwangoja, niandikieni habari zake. Andikeni taratibu. Nitangoja.