Sufuria ya Kadzo Haikuvuja

Nakumbuka, mwanangu, siku niliyomvunjia rafiki yangu heshima kwa sababu ya maji yasiyojaa hata kikombe. Leo nakusimulia huku nacheka, maana mambo yaliisha vizuri, lakini siku yenyewe nililia kwanza.

Nilikuwa na miezi minne tu tangu niolewe na kuletwa hapa Timbwani, Likoni. Wifi yangu Rukia alikuwa anaolewa, na mama mkwe akanipa kazi ya sharbati. Usione ni kazi ndogo. Wageni wa arusi watasahau wali, watasahau hata nguo ya bi arusi, lakini sharbati ikiwa mbaya utaisikia mpaka wajukuu wazaliwe. Nilitaka sana mama mkwe aseme kwamba mwanawe ameoa mtu.

Vyombo vyetu havikutosha. Jirani wa mlango wa pili, Kadzo, akaniletea sufuria yake kubwa ya alumini, mpya, hajaipikia hata siku moja. Kadzo kwao Kaloleni, na ndiye mtu wa kwanza aliyebisha mlango wangu nilipohamia, ameshika sahani ya mahamri ya moto. Tukawa mashoga tangu siku hiyo. Yeye wa kanisani, mimi wa msikitini, na sukari yetu ilikuwa moja.

Nikakoroga sharbati nyekundu, tamu, yenye arki kidogo ya kunukia. Nikatia mabonge ya barafu, nikaiweka sufuria mezani ukumbini, juu ya kitambaa cheupe cha mama mkwe. Kitambaa hicho alikitarizi mwenyewe kwa mkono alipokuwa mwali. Nikaenda kuvaa. Niliporudi nikakuta kitambaa kimelowa chapachapa, na maji yanatiririka pembeni mwa meza.

Kadzo alikuwa anaingia ukumbini na sinia la mahamri. Sikungoja hata alitue.

"Kadzo! Sufuria yako yavuja! Kumbe ulijua ni mbovu, ndiyo maana ukaitoa kwa moyo mweupe?"

"Haivuji, Mwanasiti," akasema. "Ni mpya."

"Mpya, na meza imekuwa bwawa?"

Wanawake waliojaa ukumbini wakageuka. Kadzo akaweka sinia chini taratibu, akajifunga leso yake vizuri, akatoka bila neno. Wallahi, mwanangu, afadhali angenijibu.

Sasa, palikuwa na Shangazi Mwanakombo, shangazi yake mume wangu. Mwanamke huyu alikuwa amepika katika jiko la hospitali miaka mingi, na alikuwa na tabia ya kutazama kitu mpaka kitu chenyewe kione haya. Akaniita.

"Mwanasiti!"

"Abee, shangazi."

"Hiyo sharbati yako ina rangi gani?"

"Nyekundu."

"Haya. Tia kidole kwenye hayo maji yaliyolowesha kitambaa, uonje."

Nikaonja. Nikaonja tena.

"Ehe?"

"Hayana rangi, shangazi. Wala hayana sukari."

"Basi hii sufuria ya Kadzo ni ya ajabu. Inavujisha maji, rangi na sukari inabakisha ndani!"

Watu wakaangua kicheko, na mimi nikatamani ardhi inimeze. Lakini shangazi hakutaka tu watu wanicheke. Akaagiza sharbati imiminwe kwenye ndoo, sufuria ioshwe, ifutwe, na ianikwe juani mpaka ipate uvuguvugu. Kisha akaijaza maji ya mtungi ya kawaida, akaiweka juu ya karatasi kavu. Tukakaa tunaitazama, wanawake wazima na hina zetu mikononi, kama watu wanaosubiri yai lianguliwe. Karatasi ikabaki kavu. Halafu akatia barafu, na kabla hatujamaliza kuulizana habari, sufuria ikaanza kutoka vitone nje, vidogo kama punje za mchele, vikaungana, vikateremka. Karatasi ikalowa.

"Maji hayo yametoka wapi, shangazi?" nikauliza.

"Yametoka hewani. Hewa hii unayovuta imebeba maji, ila huyaoni. Ikigusa kitu baridi, inayatua."

Baadaye mwanangu wa kwanza aliposoma sekondari alinieleza vizuri zaidi. Maji yakipata joto hugeuka mvuke, na mvuke ukigusa baridi hurudi kuwa maji. Ndiyo maana ukifunua wali unakuta kifuniko kinadondosha. Ndiyo maana ukitoka kwenye duka lenye kiyoyozi kule Nyali, miwani yako inafunga ukungu papo hapo mlangoni. Mimi siku ya kwanza nilidhani macho yameniisha. Na sisi tunakaa kando ya bahari, hewa yetu imejaa mvuke, kwa hiyo glasi ya maji baridi hapa Likoni hutoka jasho kuliko ya mtu anayekaa kwenye nchi kavu.

Lakini siku ile sikuwa na wakati wa kustaajabu. Nikabeba sufuria ile ile, na barafu yake ndani, na gauni langu nililovalia arusi ya wifi likalowa mbele. Nikamkuta Kadzo anakuna nazi kwa hasira, mbuzi ya watu inalia.

"Kadzo, nisamehe. Sufuria haivuji. Onja hapa nje."

"Nilambe sufuria? Umepagawa?"

"Lamba, tafadhali."

Akatazama gauni langu, akatazama ile sufuria inayotoka jasho kama mpagazi wa bandarini, na mdomo ukamtetemeka akijizuia kucheka. Kisha akawa mzito tena.

"Mwanasiti, sufuria ni kitu cha kununuliwa. Wewe umenisema mbele za watu. Ukiniomba radhi hapa jikoni, wale kule watajuaje?"

Machozi yakanitoka, maana alisema kweli. Nikamshika mkono, tukarudi wote wawili. Nikasimama katikati ya ukumbi, mimi mke mpya ambaye sauti yangu ilikuwa haijasikika katika nyumba ile kabla ya siku hiyo, nikasema: "Mimi ndiye niliyekosea. Kadzo alinipa chombo kizuri kuliko vyangu vyote, na mimi nikamvunjia heshima kwa jambo nisilolijua." Nikaanza upya maonyesho ya shangazi, karatasi na barafu na yote, kwa waliokuwa wamechelewa. Kila aliyeingia alionja. Bi arusi mwenyewe akanyoosha kidole chake chenye hina akaonja! Vigelegele vilivyopigwa siku ile, nusu vilikuwa vya Rukia na nusu vya Kadzo. Mama mkwe akakianika kitambaa chake uani, akasema maji matupu hayajawahi kumuua mtu.

Kadzo tungali naye. Kila arusi ya mtaa huu, mtu akiona glasi inatoka jasho, anatuangalia sisi wawili na kucheka.

Basi nikusihi hivi, mwanangu. Ukiona jambo usilolielewa, usikimbilie kutafuta wa kumlaumu. Liulize jambo lenyewe kwanza. Liguse, lionje, lijaribu mara mbili, na umwulize anayejua, hata kama anayejua ni mdogo kwako. Dunia haikasiriki ukiiuliza. Hufurahi ikakuonyesha na mengine. Na ukishamkosea mtu hadharani, usimwombe radhi uchochoroni. Mrudishie heshima yake pale pale ulipoichukulia, watu wakisikia.

Mola akujaalie macho yasiyochoka kushangaa na ulimi mwepesi wa kusema "nimekosea." Akupe marafiki wenye subira, na nyumba ambayo vicheko vyake vinasikika mpaka kwa jirani. Amina.