Mashine Itasikia Moyo Wangu, na Nyumbani Kuna Mtu

Admin, nifiche kabisa, na jina la kampuni usilitaje. Majina ya vijiji nimeyageuza mwenyewe. Mimi ni dada wa miaka ishirini na sita, sijaolewa. Kwetu ni Lurujo, Koboko, ila nakaa kwa mjomba, kijiji cha Kuluva, tangu nianze kuhangaika na kazi mjini Arua. Nimesomea utunzaji wa ghala. Naandika kwa haraka, mnisamehe nikichanganya mambo.

Kampuni moja ya mizigo inatafuta mtunza ghala kule Oraba, mpakani. Usaili nilipita vizuri, nikaanza hata kujiona ndani ya sare. Kumbe kuna hatua nyingine. Kila anayeajiriwa anafungwa mashine ya kugundua uongo, kwa sababu malori yao yanatekwa ng'ambo ya mpaka na watu wenye bunduki, na wanaamini watu hao wana ndugu huku wanaowapa habari.

Sasa shida yangu ndiyo hii. Mdogo wangu wa kiume alikuwa utingo wa lori. Lori lilitekwa huko ng'ambo, yeye akachukuliwa na kulazimishwa kubeba bunduki. Alitoroka, akafika nyumbani miguu imevimba, na wale watu wanamtafuta mpaka leo kwa kuwa anajua wanapojificha. Polisi tunawaogopa, watasema ni mmoja wao. Mama alichota udongo kwenye kaburi la baba, tukalamba sote. Kwetu ukishalamba udongo ule umefunga mdomo, na ukisema, kitakachompata mwenzako kiko juu yako. Tangu hapo anakaa nyumba ya nyuma na mchana hatoki.

Wiki iliyopita niliitwa Arua. Mpimaji ni mzee mpole, zamani alikuwa askari. Kabla ya kukufunga zile nyaya anakusomea maswali yote, uende ukiyajua.

"Hii mashine haina ubaya, binti," akaniambia. "Inasikia tu pumzi, jasho na moyo. Mutu ya kweli haiogopi."

Kisha akasoma la mwisho: "Kwa nyumba yenu, iko mutu munaficha?"

Nikasema nina malaria, siwezi kupimwa leo. Akatabasamu. "Sawa. Kwenda pumzika, Jumatatu kuja. Mutu yenye haiji, sisi najua sababu." Nilipofika mlangoni akaongeza, "Salimia watu ya Lurujo."

Jamani, kwenye fomu mimi niliandika Kuluva tu. Lurujo sikuitaja popote. Labda ni lafudhi yangu, labda ana jamaa huko, sijui. Kesho yake mama akapiga simu: mwanaume mgeni mwenye pikipiki alisimama kuomba maji, akayanywa taratibu huku akiitazama nyumba ya nyuma.

Nikakimbia nyumbani, na huko nikafanya kosa. Nilimweleza mdogo wangu kila kitu, nikidhani tutapanga pamoja.

"Hiyo mashine, wewe ukinyamaza, inajua?" akaniuliza.

"Wanasema inajua."

Jioni nilimpelekea muhogo na samaki, akausogeza kando, akasubiri mama aonje kwanza. Huyu ni mtoto niliyembeba mgongoni mwangu! Niliumia, nikaenda kulia nyuma ya jiko. Sasa nikishika simu ananyamaza, nikitoka nje ananifuata kwa macho kupitia upenyo wa mlango.

Mama anasema niachane na kazi. Lakini nisipokwenda, yule mzee ameshasema wanajua sababu. Nikienda, moyo wangu hauna adabu, unadunda hata nikisikia pikipiki kwa mbali. Msiniambie tumhamishe, miguu yake bado mibovu, na kila njia ya kutoka hapa inapita mbele ya watu.

Jumatatu ni keshokutwa. Mliowahi kufungwa mashine hii, niambieni, moyo unatulizwaje? Niende au nisiende? Najua hata kuwaandikia nyinyi ni kusema, na udongo wa baba niliulamba. Nishikeni mkono ndugu zangu, na mnijibu haraka, maana mdogo wangu amesimama mlangoni sasa hivi, ananiuliza ninamwandikia nani.